Mja mzito aelezwe kuwa ugoro nao ni tumbaku

Mama mja mzito afikapo kliniki huulizwa maswali mengi. Mojawapo, iwapo muuguzi atakumbuka kuliuliza, ni hili: "Je, mama, wewe huvuta sigara?" Aghalabu jibu huwa ni la. Muuguzi hutia alama kwenye kadi, akaendelea na kupima shinikizo la damu. Mama huyo hakusema uongo. Hata hivyo, huenda katika pindo la leso yake mna kikaratasi cha ugoro alichokinunua sokoni asubuhi hiyo.

Hapa ndipo ilipo kasoro katika elimu yetu ya afya. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 1,000 wa umri wa miaka 15 na zaidi nchini Kenya, wapatao 8 tu ndio waliovuta tumbaku, ilhali wapatao 38 waliitumia bila kuiwasha, yaani kwa kunusa au kutafuna. Basi anayeuliza habari za sigara peke yake huwakosa wengi wa wale aliokusudia kuwasaidia.

Yafaa ieleweke kwamba ugoro haukosi madhara kwa sababu hautoi moshi. Nikotini hupenya kwenye utando wa pua na mdomo, ikaingia katika damu ya mama, kisha ikavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hubana mishipa ya damu, na chakula na hewa vimfikiavyo mtoto vikapungua. Kwa mvutaji sigara mambo huzidi, kwani moshi una gesi ya kaboni monoksidi ambayo hutwaa nafasi ya oksijeni katika damu. Matokeo yake yajulikana: mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akiwa na uzani usiotimia kilo 2.5, au akafia tumboni.

Wapo akina mama wanaoshikilia kwamba ugoro hutuliza kichefuchefu. Wapo pia wanaoona kwamba mtoto mdogo ni heri, kwa kuwa kuzaliwa kwake ni kwepesi. Imani hizi hazitokani na ujinga wa kuchekwa. Zatokana na hofu ya uchungu wa uzazi na ukosefu wa mtu wa kueleza. Mtoto aliyedumaa tumboni si mtoto mwepesi wa kuzaa tu, bali ni mtoto mwepesi wa kufa.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya kudhibiti tumbaku ilipitishwa mwaka wa 2007, na kanuni za mwaka wa 2014 zikaagiza picha za kutahadharisha zichapishwe kwenye pakiti. Kampuni ya sigara ilizipinga kanuni hizo mahakamani hadi Mahakama ya Juu, nayo ikashindwa mwaka wa 2019. Ushindi huo ni wa kujivunia. Lakini onyo la pakiti litamfaa nini mama anayepimiwa ugoro kwa kijiko na kufungiwa katika kipande cha gazeti?

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba kila mja mzito aulizwe kuhusu tumbaku, na kuhusu moshi wa wengine, katika kila ziara ya kliniki. Basi aulizwe kwa majina anayoyafahamu: sigara, ugoro, kiko, tumbaku ya kutafuna. Aulizwe pia iwapo mumewe huvuta ndani ya nyumba, kwani moshi haubagui. Tena aulizwe kwa upole. Mama anayekemewa leo, kesho ataficha.

Itasemwa kwamba wauguzi wetu wamelemewa na kazi. Ni kweli, lakini swali hili halichukui hata dakika moja. Aidha, wapo wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa mwaka wa 2023, ambao huingia majumbani na kusema lugha za wenyeji. Hao wakifunzwa vyema, ujumbe utafika pasipofika pakiti wala bango.

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayo huanza tumboni, na mama hawezi kumkinga mwanawe dhidi ya hatari ambayo hakuna aliyemtajia.