Nani kasema kizuri chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Madalali wa minada mikubwa duniani wanaishi kwa kauli hiyohiyo, ingawa Kiswahili hawakijui. Bei ikipanda, eti kitu kina thamani. Bei ikianguka, kitu ni takataka, kitupwe. Mimi nasema si kweli, na ushahidi uko kwenye soko la ala za kale za muziki zinazojipiga zenyewe.

Mei 2011, huko Hong Kong, Christie's waliuza jozi ya bastola za dhahabu za Uswisi, za miaka ya 1820 hivi, zinazohusishwa na mafundi wa Frères Rochat. Ukivuta kifyatulio, risasi haitoki. Anachomoza ndege mdogo kwenye mdomo wa bastola, anapiga mbawa, anaimba, kisha anarudi ndani. Zilikwenda kwa dola za Marekani milioni 5.8 hivi. Ni kazi ya ajabu, hilo sibishi. Lakini tuulizane: pesa yote ile ililipia wimbo, au dhahabu?

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1923, zaidi ya nusu ya piano zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za kujipiga: unaweka gombo la karatasi yenye matundu, unakanyaga pedali, hewa inapita kwenye matundu na kusukuma vibao. Ikaja redio, ukaja mdororo wa 1929, biashara ikafa. Leo nyingi katika zile za kawaida zinatolewa bure, na mwenyewe bado analipa wabebaji waje kumwondolea mzigo. Soko limeshatoa hukumu: takataka.

Haya, ndani ya magombo hayo yumo nani? Yumo Scott Joplin. Mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa, mfalme wa ragtime, alifariki 1917 bila kuacha hata santuri moja ya upigaji wake. Alichotuachia ni magombo machache aliyoyapiga 1916. Yumo pia Gustav Mahler, ambaye mwaka 1905 alipiga vipande vinne kwa ajili ya kampuni ya Welte. Santuri yake hakuna. Sawa, viwanda viliyagusagusa magombo kabla ya kuyauza, na mtaalamu atakwambia usiyaamini kwa kila nukta. Lakini njia nyingine ya kuwakaribia watu hawa kwenye kinanda hatuna.

Sisi wa vitabu tulishaonywa. Hans Christian Andersen alitoa hadithi yake ya ndege mwimbaji mwaka 1843: mfalme wa China anamsahau ndege wa kweli kwa sababu ya ndege wa mashine aliyejaa vito. Mashine inachakaa, inabidi iimbe mara moja tu kwa mwaka. Wengi huisoma kama hadithi ya maumbile dhidi ya mashine. Mimi naisoma kama hadithi ya mnada. Waliomtukuza yule ndege walihesabu vito vyake, na alipokuwa wa thamani kupita kiasi, wakamnyamazisha. Ndivyo ilivyo leo: kadiri bei inavyopanda, ndivyo ala inavyofungiwa kabatini, maana kila ikipigwa inalika.

Najua jibu litakalokuja: bila matajiri, vyote hivi vingekuwa kuni. Kuna ukweli hapo. Murtogh Guinness alikusanya ala na vikaragosi vya mashine karibu 700, na leo vipo Morris Museum, New Jersey. Lakini angalia kilichovifikisha kwa umma: ni kwamba havikurudi mnadani. Linganisha na mkusanyo wa ndugu wawili wa Milhous kule Florida. Mwaka 2012, ala zao, pamoja na magari yao ya kale, ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 38, zikasambaa kwa wanunuzi mbalimbali. Mnada huokoa kile tu ambacho tajiri wa leo anakitamani. Ladha yake ikibadilika, ulinzi umekwisha.

Kazi ya maana inafanyika kwingine. Chuo Kikuu cha Stanford kinapiga picha maelfu ya magombo, tundu kwa tundu, na kuyaweka mahali watu wayasikilize. Kazi hiyo inahitaji pia piano chache nzima na mafundi wanaojua kubadilisha mirija iliyokauka. Fundi hana nyundo ya dalali, na hakuna gazeti linaloandika habari zake.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Tunashangilia toleo la kwanza la riwaya likiuzwa kwa mamilioni, huku vitabu vyetu wenyewe vikiliwa na mchwa kwa kukosa mtu wa kuvichapa upya. Ugonjwa ni uleule. Msikilizeni Joplin wa 1916 kwanza, ndipo tubishane habari za bei.