Ndege Mpya na Ahadi ya Zamani

Ni nani atakayemhurumia rubani? Mchimba shaba wa Kolwezi hutoka shimoni na vumbi masikioni. Akisikia kwamba mtu avaaye sare yenye mistari ya dhahabu, alalaye leo Paris na kesho Nairobi, amekataa kazi kwa ajili ya fedha, hucheka tu. Kicheko hicho nakielewa. Hata hivyo leo natamani tuitazame kwa utulivu habari ya marubani wa Kenya Airways, maana ndani yake limo jambo linalotuhusu kuliko tudhanivyo.

Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa ile iliyokuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Mwezi wa Aprili 2014 iliipokea Nairobi ndege yake ya kwanza ya aina ya Boeing 787, iitwayo Dreamliner, na nyingine zikafuata hata zikawa 9. Ni ndege nzuri kweli. Sehemu kubwa ya mwili wake si bati bali ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa, nayo hula mafuta kidogo kuliko ndege za zamani za ukubwa wake. Wakubwa wa kampuni walikuwa na mpango mkubwa wa kupanua safari, wakauita Mawingu. Sehemu kubwa ya fedha za ndege hizo ilikuwa ya mkopo.

Abiria hawakuja kama walivyotazamiwa. Septemba 2013 watu wenye silaha walikuwa wameshambulia duka la Westgate, Nairobi, na watalii wakaogopa. Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola ukakatiza safari za Liberia na Sierra Leone. Na mikataba ya mafuta iliyofungwa kwa bei ya juu ikageuka mzigo bei iliposhuka. Hesabu za mwaka ulioishia Machi 2015 zilionyesha hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7, na za mwaka uliofuata bilioni 26.2. Basi Dreamliner 2 zikakodishwa kwa Oman Air, na ndege kubwa 3 za Boeing 777 kwa Turkish Airlines.

Hapa tusimame kidogo, tuutazame moyo wa rubani. Yeye hana ruhusa ya kurusha ndege yo yote aionayo. Kila aina ina mafunzo yake, mtihani wake na cheti chake. Huketi darasani, kisha huingizwa katika mashine inayoigiza safari, na humo hupatishwa kila msiba, injini kuwaka moto, mvua ya mawe, taa kuzimika, bila kuondoka ardhini hata hatua moja. Ndege mpya zijapo, wengine huchaguliwa kwenda kujifunza na wengine huambiwa wangoje zamu. Apandaye ndege kubwa, mara nyingi hupanda na mshahara. Kwa hiyo ndege mpya huleta shangwe na wivu siku moja. Tena huleta jambo la tatu, ambalo wenye kampuni husahau kulihesabu: mwenye cheti cha Dreamliner hutafutwa na kila kampuni yenye Dreamliner. Kampuni za Ghuba zilikuwa na ndege nyingi na fedha nyingi, na baadhi ya marubani wa Kenya wakaenda huko. Waliobaki waliziona ndege walizozisomea kwa jasho zikienda kuchukua abiria wa wengine.

Oktoba 2016 chama chao, KALPA, kilitoa ilani ya mgomo. Angalieni walichodai: mwenyekiti na mkurugenzi mkuu waondoke! Mtu aliyekwisha kuacha kuwaamini wakubwa wake hasemi tena habari za fedha peke yake. Mgomo huo uliepukwa, na mwenyekiti mpya akawekwa mwezi ule ule.

Ukaja ugonjwa wa korona. Mwaka 2020 ndege zilisimama dunia nzima, na kampuni ikaacha kutia sehemu yake katika mfuko wa akiba wa marubani. Tena sehemu za mishahara zikazuiliwa. Safari zikarudi, lakini mfuko haukurudi. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani waligoma, ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuuzuia mgomo. Walikuwa takriban 400 tu katika kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi, lakini bila wao hakuna kitu kinachoruka. Maelfu ya abiria walikwama. Jaji akaamuru warudi kazini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9, nao wakarudi.

Nani mwenye haki? Mimi naona hivi. Akiba si zawadi. Ni sehemu ya mshahara ambayo siku yake ya kulipwa haijafika, na mfanyakazi amekwisha kuitolea jasho. Papa Leo XIII katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891 alifundisha kwamba kumdhulumu mtu ujira wake ni dhambi kubwa inayolia mbinguni, wala hakusema kwamba ni ujira wa maskini wa mwisho tu. (Papa Leo XIV aliwaambia makardinali mwezi wa Mei 2025 kwamba alilichagua jina lake hasa kwa ajili ya Papa huyo na barua hiyo.) Lakini Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliuhesabu mgomo kuwa haki ya wafanyakazi na njia ya mwisho, isiyotumiwa ovyo. Rubani akikaa nyumbani siku nne, mfagiaji wa uwanja na mkulima wa maua yanayosafirishwa kwa ndege huumia pamoja na mkurugenzi, nao hawakuketi mezani wakati wa mapatano. Siwezi kuwasafisha marubani juu ya hilo, wala juu ya kuidharau mahakama.

Sisi watu wa Lualaba tunajua ladha ya ahadi iliyovunjika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Ilikuwa na shule, hospitali na posho. Mwaka 2003 haikufikisha hata tani 20,000, na wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Ndipo, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, watu 10,655 walikubali kuacha kazi kwa malipo ya mara moja. Miaka mingi baadaye wengi wao walikuwa wangali wakidai kwamba hawakupewa haki yao yote.

Mashine mpya zimekuja. Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, ilianza kutoa shaba Mei 2021, na kijana aliyefundishwa kuendesha mashine za chini ya ardhi hutembea mtaani kama rubani. Afurahi, amestahili. Lakini na aulize pia ni nani aliyemwandika. Mwaka huo wa 2021 shirika la RAID la Uingereza na CAJJ la hapa Kolwezi walitoa taarifa juu ya migodi 5 mikubwa; walikuta kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi hawakuandikwa na mgodi wenyewe bali na makampuni ya kati. Mkataba wa namna hiyo ukiisha, mashine hubaki na mtu huondoka.

Kwa hiyo, baba wa nyumba, chukua karatasi yako ya mshahara mwezi huu, utafute mstari wa CNSS. Ukiona umekatwa, nenda katika ofisi yao uulize kama fedha hizo zimefika kwa jina lako, na kama mwajiri ametoa sehemu yake. Nanyi akina mama mnaotunza sanduku la vyeti vya ubatizo na vya shule, zitieni humo karatasi za mshahara za miaka yote, wala mtoto asizichukue kuwashia mbabula.