Mazoezi ya Kijijini Yaanze na Kugawana Mzigo



Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mama mkwe wangu Same, kule milimani Upare. Mimi mtoto wa Unguja, nimekulia kwenye ardhi tambarare, basi kila nikipanda milima ile miguu hunisuta. Gari ilitushusha barabarani, safari iliyobaki ikawa ya miguu. Mama ana miaka 68. Alinipokea begi, akalitia kichwani, akatangulia. Mimi nilisimama mara tatu kuvuta pumzi. Yeye alikuwa akinisubiri mbele, hata jasho hana.

Usiku, tukila makande, akanihadithia kwamba alipokwenda kupima presha aliambiwa afanye mazoezi. Akacheka. "Mazoezi gani tena mwanangu? Maji nachota, kuni nakata, shamba liko kule juu. Wamwambie huyo!" Akamwonyesha shemeji yangu, kijana wa bodaboda, ambaye hata dukani huenda kwa pikipiki, na duka lenyewe ukisimama uani unaliona.

Tulicheka sote, lakini maneno yale nimerudi nayo nyumbani. Naona mama amesema kweli. Tunapohimiza mazoezi vijijini, mara nyingi tunamhimiza mtu ambaye tayari amechoka, na tunampita aliyekaa.

Tuangalie hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za harakati za wastani. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku 5. Wala si lazima uvae raba uende jimu: kutembea, kulima na kazi za nyumbani zote zinahesabiwa. Sasa mwanamke wa Mamba Myamba anayepanda shambani na kushuka na mzigo wa tangawizi, dakika hizo keshazimaliza kabla ya Jumatano. Anachokosa yeye ni kupumzika, na mtu wa kumpokea. Mzigo mzito wa kila siku unachosha shingo, mgongo na magoti. Kazi ya kulazimika kutwa nzima bila pumziko haiupi mwili faida ile ile ya matembezi ambayo mtu anajipangia mwendo wake mwenyewe.

Na katika nyumba hiyo hiyo yupo ambaye mwili wake haufanyi kazi kabisa. Tena wako wengi walioshuka mlimani kwenda kuishi Same mjini, kando ya barabara kuu ya Dar na Arusha. Kule juu walikula wakashiba, wakakimaliza chakula kwenye vilima. Mjini sahani ni ile ile lakini kilima hakipo. Mtu anakaa dukani kutwa, chai ya sukari asubuhi na jioni, akitaka kwenda popote anapunga mkono bodaboda isimame. Presha na kisukari hapo vinakaribishwa ndani na kupewa kiti.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mazoezi ya kijijini yaanze na kugawana mzigo. Ndoo mbili za mama zikibebwa na kijana, wamepona wawili.

Najua jibu litakalokuja: mwanamume akibeba ndoo atachekwa. Lakini Wapare wenyewe wana dawa ya hilo tangu enzi za mababu, nayo ni msaragambo, kazi ya pamoja. Siku ya kusafisha ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji usiku ili yamwagilie mashamba mchana, watu hutoka na majembe, wakachimba tope na kulibeba. Mwanamume aliyebeba tope la ndiva hachekwi. Kwa nini achekwe kwa kubeba maji yanayopikiwa chakula chake? Sisi Zanzibar tarehe 1 Januari tuna bonanza letu la mazoezi, na ni jambo zuri. Upare wana msaragambo, ambao unaacha na mfereji safi. Uenziwe, na vijana wasilipe faini wakajiona wamemaliza.

Walio mjini watembee alfajiri kabla jua la Same halijawa kali, wanawake wawili watatu pamoja, kwa stara na kwa usalama. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanahitaji mazoezi ya kujisawazisha siku 3 kwa wiki ili wasianguke; kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta kunatosha kuanzia. Na wasichana waachiwe jioni yao ya mpira wa pete, wasitumwe maji wakati kaka zao wako uwanjani.

Dada zangu, mwili ni amana. Bi Aisha (RA) amepokewa akisimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (SAW), na ni yeye huyo huyo aliyeeleza kwamba Mtume akiwa nyumbani alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi. Mambo mawili hayo, kucheza pamoja na kusaidiana, sisi tumeyatenganisha. Tunawataka wanawake wakimbie, na hatuwaulizi wanaume ndoo iko wapi.

Asubuhi ya kuondoka nilimwomba shemeji akachote maji yeye. Aliniangalia, akamwangalia mama yake, akachukua ndoo. Alirudi anahema, amesimama njiani mara tatu kama mimi. Mama hakumcheka. Alimpokea ndoo mlangoni, akamwambia, "Kesho tena."

Na wewe, iwe uko Makunduchi, Micheweni au Same, leo tazama nyumbani kwako: nani anabeba, na nani amekaa? Anzeni hapo, in shaa Allah.