Yeye Hali Nyama, Wewe Je?

Mwezi huu tukae mezani kidogo. Nataka tuongelee jambo ambalo wengi hulichukulia kama utani mpaka liwaguse wenyewe: umempenda mtu asiyekula nyama.

Mume wangu hali nyama, kuku wala samaki. Mayai na maziwa anatumia. Si Msabato, haumwi, na hakuna mganga aliyempa mwiko. Nayataja hayo kwa sababu ndiyo maswali matatu anayoulizwa kila tunapokaribishwa mahali. Aliacha nyama akiwa sekondari na hajarudi nyuma. Mimi mwenzenu ni mtoto wa Kilolo, nyama nakula, na kiti moto kikipita mbele yangu sikiachi. Na ndoa inakwenda vizuri tu.

Balaa linaanzia kwenye lugha. Kwa Kiswahili chetu, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Mama akiuliza "leo mboga gani?" unamjibu "nyama", na hakuna atakayeshangaa. Sasa nenda mgahawani umwambie mhudumu unataka mboga tu, uone atakavyokutazama. Ukisema huli nyama, anakujibu kwa upole kabisa: "Basi nikuletee kuku, kaka?"

Kuna mgahawa mmoja wa kishua pale Gangilonga, mtaa wa wenye nazo mjini Iringa. Tulikwenda kusherehekea kutimiza miaka mitatu ya ndoa. Vitambaa vyeupe, mishumaa, menyu ya kurasa nane. Katika kurasa zote hizo, vya mume wangu vilikuwa vitu viwili: chipsi na saladi. Akaona afadhali aanze na supu ya mboga. Nikamwuliza mhudumu imechemshwa na nini. Akaenda jikoni, akarudi anatabasamu: "Mifupa tu dada, nyama haimo."

Basi mume wangu akala chipsi na vipande vitano vya tango, bili ikaja karibu sawa na yangu niliyekula nusu kuku. Loh! Lakini kilichoniuma si pesa. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa Iringa.

Wilaya yetu ya Kilolo ilimegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002, na mboga ndiyo kazi yetu. Pita Ilula uone vitunguu na nyanya vilivyopangwa barabarani. Dabaga, jina unalolisoma kwenye chupa ya tomato sosi, ni huko huko kwetu. Viazi, njegere, kabeji, karoti, mvua ikinyesha uyoga wa porini. Malori yanashuka mlima Kitonga yakiwapelekea watu wa Dar es Salaam. Halafu kwenye meza ya mishumaa, mboga za majani zinawekwa pembeni ya sahani kama pambo!

Sababu tunaijua. Tumekuzwa tukiambiwa nyama ndiyo heshima. Mgeni anachinjiwa. Maharage tumeyala shule ya bweni mpaka tukayachukia, na mchicha ni mboga ya tarehe ishirini na tano, mshahara ukiwa umekata. Ndiyo maana mwenye mgahawa anaona haya kukuuzia maharage kwa bei kubwa, na wewe unaona haya kumwagizia mpenzi wako maharage.

Wenzetu wanaona tofauti. Nenda Kisutu, Dar es Salaam, kwenye mahekalu ya Wahindu. Kwa wengi wao, kutokula nyama ni sehemu ya dini, na upishi wao wa dengu, paneer na mbogamboga unapikwa hata siku za harusi. Waorthodoksi wa Ethiopia nao hufunga nyama, mayai na maziwa Jumatano na Ijumaa, na kwa wiki nyingi kabla ya Pasaka. Kwa hiyo migahawa ya Kihabeshi imebobea katika adesi, kabichi na mchuzi wa unga wa dengu, vyote vikimwagwa juu ya injera moja. Mnakula kwa mkono kwenye sinia moja, na ni desturi yao kulishana tonge kwa upendo. Wadada, kuna deti gani zaidi ya hiyo?

Ila mgahawa unaweza kuukimbia. Ukweni hukimbii.

Mchumba wangu alipokuwa anakuja kujitambulisha nyumbani, nilijua baba atachinja. Kwetu huwezi kumpigia baba yako simu ukampangia cha kumpa mgeni wake. Nikampigia shangazi, wiki nzima kabla. Shangazi akamfikishia. Baba akakaa kimya, kisha akasema: "Hali nyama, sawa. Lakini mimi siwezi kumpokea mkwe bila kuchinja."

Mbuzi akachinjwa. Mkwe akala ugali kwa njegere, na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, akaongeza mara mbili mpaka mama akacheka. Wakati wa kuaga, baba akamkabidhi mguu mzima wa mbuzi: "Mpelekee mama yako." Akaupokea kwa mikono miwili. Heshima ikatolewa, ikapokelewa, na hakuna aliyelazimishwa kumeza kitu. Angejieleza mwenyewe siku ile mbele ya wazee, sahani ikiwa tayari mbele yake, ingeonekana anamkataa baba.

Kwa hiyo, wapenzi, nawaachia haya:

Kwanza, asemee mwenye kwao. Kwenu ongea wewe, kwao aongee yeye, tena mapema, kupitia kwa mtu anayefaa. Usimwache mwenzako ajitetee peke yake mbele ya sahani.

Pili, mkitoka, piga simu mgahawani asubuhi. Mpishi aliyeambiwa mapema atapika, aliyeambiwa saa mbili usiku atakaanga chipsi. Uliza mambo matatu: supu imechemshwa na nini, maharage yana nyama ndani, na mafuta ndiyo yaliyokaangia kuku? Mkiwa Iringa, ujaribuni mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Wahudumu wake ni viziwi, na oda unaiandika kwenye karatasi. Kwa mume wangu hilo ni raha tupu: anaandika anachotaka na asichotaka, hakuna wa kumwuliza kama anaumwa.

Tatu, afya isichezewe. Maharage na ugali, au dengu na wali, vikiliwa pamoja vinakamilishana protini. Chungwa au nyanya mbichi husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na majani, lakini chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia, basi isubiri kidogo. Asiyetumia hata mayai na maziwa anahitaji vitamini B12 ya vidonge au ya vyakula vilivyoongezewa. Kama ni mjamzito, aongee na daktari.

Nne, msigeuzane. Jikoni kwetu kuna sufuria mbili na miiko miwili, na mwiko wa nyama hauingii kwenye njegere. Ni kitu kidogo, lakini siku utakapouchanganya kwa makusudi ukisema "kwani atajua?", jua hapo hamuongelei chakula tena. Mtu anayekudanganya kwenye sahani unamwamini wapi?

Na ninyi wenye migahawa ya vitambaa vyeupe, hatuombi menyu mpya. Sahani moja tu: njegere za Kilolo, majani ya maboga kwa karanga, uyoga wa msimu, ugali wa moto. Ipikeni kama mnavyompikia mtu wa nusu kuku, muipe jina na bei yake. Tutalipa, tena na bakshishi tutaacha.

Tukutane mwezi ujao. Mpaka hapo, muulize aliye karibu nawe: leo mboga gani, mpenzi?