Eti Bora Hatupo Kwenye Testi?

Haya wasomaji, leo siandiki kuhusu programu, ingawa nitazitaja maana ndiyo kazi inayonilisha. Leo ni kriketi. Najua wengi wenu ni watu wa Arsenal na Gor Mahia, lakini nivumilieni, kuna jambo limenikaa kooni.

Julai 2025 tulikuwa hapa Lunga Lunga kwa muuza kahawa, karibu na yanapopaki magari ya Likoni. Tulikuwa wanne: mimi, mawakala wawili wa forodha, na mzee mmoja aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Huyu mzee ndiye aliyetuambukiza ugonjwa wa kriketi. Tulikuwa tunafuatilia kwa simu mfululizo wa testi kati ya Zimbabwe na Afrika Kusini kule Bulawayo. (Kwa wasiojua: testi ni ile mechi ya siku tano, kila timu inapiga mara mbili. Ndiyo kriketi yenyewe, wasema wazee, hizi nyingine ni vitafunio.) Wiaan Mulder wa Afrika Kusini akafikisha mikimbio 367 bila kutolewa, halafu kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye nahodha, akafunga zamu ikiwa 626 kwa wiketi 5. Angeweza kuifukuza rekodi ya Brian Lara ya 400, akaiacha. Zimbabwe wakapata 170, wakarudishwa kupiga tena, wakapata 220. Siku tatu tu, mchezo umekwisha.

Basi mmoja wa wale mawakala akacheka, akasema: "Mwaona? Bora Kenya hatupo huko. Aibu yote hii ya nini?"

Wote wakakubali. Hata mzee akatikisa kichwa kuafiki. Mimi nilinyamaza kwa sababu kahawa ilikuwa ya moto, lakini sasa nasema: hapana! Hiyo ndiyo fikra iliyotuua.

Jamani, mimi ni mwandishi wa programu. Programu ambayo haijawahi kuendeshwa haina hitilafu hata moja. Ni safi kabisa. Na haina faida kwa mtu yeyote. Zimbabwe wamekuwa wakicheza testi tangu 1992, wamechapwa wakachapika, na kila wakichapwa wanajua ni mrushaji gani aliyechoka mapema na ni mpigaji gani asiyejua kukaa. Sisi tunajua nini kuhusu timu yetu? Tunajua 2003.

Hebu tuzungumze kuhusu Bangladesh. Oktoba 1997, Nairobi, Dipak Chudasama na Kennedy Otieno walifungua zamu dhidi ya Bangladesh wakaongeza mikimbio 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka, rekodi ya dunia wakati huo kwa mechi za siku moja. Tuliwapiga vibaya sana. Tena mwaka mmoja nyuma, kwenye Kombe la Dunia la 1996, tulikuwa tumewafunga West Indies kule Pune: sisi 166, wao 93, Maurice Odumbe akatoa wiketi 3 kwa mikimbio 15. Kwa hiyo mtu akikuambia Bangladesh walikuwa wametuacha mbali, mwambie aache uongo.

Juni 2000 Bangladesh wakapewa hadhi ya kucheza testi. Sisi hatukupewa. Je, waling'ara? Walichezea vichapo! Katika mechi 34 za kwanza walipoteza 31 na kutoka sare 3. Ushindi wa kwanza ulikuja Januari 2005, dhidi ya Zimbabwe hao hao, ikiwa mechi yao ya 35. Fikiria miaka yote ile, mashabiki wao wameketi kwenye vibanda vya chai vya Dhaka, wanakunywa aibu kila wiki. Hakuna aliyewaambia bora wasiwepo (au waliambiwa, wakaziba masikio). Mwaka 2024 Bangladesh hao wakaenda Rawalpindi wakawafunga Pakistan mechi mbili kwa mbili.

Afghanistan ndio usiseme. Oktoba 2013 walitufunga Sharjah wakaenda Kombe la Dunia la 2015, na Januari 2014 sisi tukapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja tuliyokuwa nayo tangu 1996. Wao 2017 wakapewa testi pamoja na Ireland. Testi yao ya kwanza, 2018 kule Bengaluru, India waliwamaliza ndani ya siku mbili. Mwaka uliofuata wakaifunga Bangladesh huko huko Chittagong.

Turudi kwa huo mwaka 2003 ambao tunauabudu. Steve Tikolo nahodha, Collins Obuya wiketi 5 kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka pale Nairobi, na nusu fainali Durban dhidi ya India. Mpaka leo hakuna nchi nyingine isiyocheza testi iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli New Zealand hawakuja Nairobi wakatuachia pointi, lakini Sri Lanka walikuja, na walifungwa. Siwezi kumnyang'anya mtu furaha hiyo. Ila mazungumzo yetu ni kama kivinjari kilichohifadhi ukurasa wa zamani: seva imezima kitambo, wewe bado unauona ukurasa umejaa picha nzuri unadhani mambo yako sawa. Migomo ya malipo, ugomvi wa viongozi, Odumbe kufungiwa miaka mitano 2004, yote yalipita, sisi tunaangalia picha ya Durban.

Mzee hupenda kusema "fomu yetu imeshuka". Usiku ule nikakaa nikaandika programu ndogo ya kuchora fomu ya Kenya kwa mechi ndefu tu, zile za siku tatu na nne. Kuiandika ilinichukua nusu saa. Tatizo likawa data. Kulikuwa na Kombe la Mabara la ICC, lililoanza 2004, na Kenya ilikuwemo. Mashindano ya 2011 hadi 2013, tumo. Ya 2015 hadi 2017, hatumo. Mchoro wangu unakatika hapo, baada yake ni karatasi nyeupe. Hiyo si fomu kushuka. Fomu ni ya anayecheza!

Mtaniambia testi inachosha, dunia sasa ni ya T20. Sawa, na hapa nakubali kidogo. Uganda walifuzu Kombe la Dunia la T20 la 2024 kwa kuwafunga Zimbabwe Windhoek mwaka 2023, na hawakufika huko kwa mechi za siku nne. Lakini walikuwa wanacheza, wanacheza, wanacheza. Tena walipofika, West Indies waliwatoa kwa 39. Nani Kampala alisema bora wangebaki nyumbani? Na aliyewahi kuwa kocha wao ni Tikolo wetu, huyo huyo wa Durban!

Mnajua kinachoniuma zaidi? Kutoka hapa nilipo, Tanzania ni hatua chache, unavuka kizuizi uko Horohoro. Timu yao ya vijana chini ya miaka 19 mwaka 2025 ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la 2026. Upande wetu, kijana wa Lunga Lunga akitaka kuona uwanja halisi wa kriketi lazima asafiri karibu kilomita mia, avuke kivuko cha Likoni au azunguke Dongo Kundu, mpaka Mombasa Sports Club. Kriketi ya Kenya ilikuwa ya vilabu vichache vya Nairobi na kimoja kimoja Mombasa. Kizazi cha kina Tikolo kilipozeeka, hakukuwa na nakala ya akiba. Kwetu kazini mtu akiweka mfumo mzima kwenye mashine moja bila nakala, anafukuzwa.

Kwa hiyo wakubwa wa kriketi wasituahidi tena kurudi Kombe la Dunia. Watupe mechi za siku tatu, Pwani dhidi ya Nairobi, hata kama tutafungwa kwa mikimbio mia tatu, na matokeo yaandikwe mahali tunapoweza kuyasoma. Mkeka wa kurushia mpira uwekwe shule moja ya Msambweni, moja ya Lunga Lunga. Tuanze kuaibika mapema.

Ile programu yangu bado ninayo. Ikiwa una daftari la alama la mechi yoyote ndefu iliyochezwa Kenya baada ya 2013, hata ya kilabu, hata kama limeliwa na mchwa, piga picha kurasa uniletee nizichape. Mzee ameniahidi lake la zamani, lakini yeye, kama kawaida yake, linaishia 2003.