Bergman Hakuusahau Ukuta wa Kwao

Wapo wenzetu wadaio kwamba sanaa yenye falsafa haina kwao. Ati msanii atakaye kuusemea ulimwengu sharti asahau asili yake. Shahidi wao mkubwa ni Ingmar Bergman (1918–2007), mwongozaji wa filamu wa Uswidi. Sisi twasema shahidi huyo anawageuka.

Bergman alikuwa mwana wa kasisi wa Kilutheri. Utotoni alifuatana na baba yake kwenda makanisa ya mashambani, akazitazama picha za kale zilizochorwa ukutani. Katika kanisa la Täby, karibu na Stockholm, ipo picha ya Albertus Pictor ya karne ya 15: Mauti anacheza sataranji na mtu. Kutokana na picha za namna hiyo ilizaliwa filamu ya Muhuri wa Saba, mwaka 1957. Mpiganaji arejeaye kutoka Vita vya Msalaba aikuta nchi imejaa tauni. Amwita Mungu, hajibiwi. Hata hivyo aziangusha kete makusudi, Mauti ashughulike nazo, ili familia ya wasanii maskini ipate kuponyoka. Swali hilo ni la wanadamu wote. Ukuta ni wa Uswidi.

Basi waigao ukimya na vivuli vya Bergman wameokota ganda, wakaacha kiini. Mwacha asili ni mtumwa. Enyi walimu na wanafunzi, msiulize tu aliishikaje kamera. Ulizeni alichimba wapi. Kisha kachimbeni kwenu.