Simu za bei nafuu nazo zinastahili ulinzi

Mkulima wa ufuta wa Kilwa akiuza mavuno yake kwa stakabadhi ghalani, habari ya malipo humfikia kwenye simu. Ndani ya simu hiyo kuna kigawa kumbukumbu, programu inayozipa programu nyingine nafasi ya kufanyia kazi na kuipokea zikimaliza. Wezi wa mtandaoni huvizia hapo. Mwaka 2020 wahandisi wa kivinjari cha Chromium walieleza kuwa takriban asilimia 70 ya kasoro zao nzito za usalama zilitokana na kumbukumbu kutumiwa vibaya. Mwaka huohuo mfumo wa simu wa Android 11 ulikuja na Scudo, kigawa kilichoimarishwa, isipokuwa kwenye simu zenye kumbukumbu ndogo. Yaani simu za bei nafuu, zilizojaa mikononi mwa watu wa Lindi na Kilwa Masoko, ndizo zilizoachwa nje. Hili linaniuma.

Watengenezaji watasema ulinzi hula kumbukumbu na kuipunguzia simu kasi. Ni kweli, lakini majaribio ya kupima uimara wa kigawa hufanyika maabarani, si mfukoni mwa mkulima, kwa hiyo hayaipunguzii simu yake kasi. Kwa mfano, nafasi ileile irudishwe mara mbili: kigawa imara lazima kiisimamishe programu papo hapo. Ziombwe nafasi nyingi mno hadi hesabu ya ukubwa ifurike: ombi likataliwe, lisijibiwe kwa nafasi pungufu. Kila njia ya kuomba au kurudisha nafasi ijaribiwe hivyo, hata ile isiyotumika sana. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, huidhinisha aina za simu zinazoingia nchini. Idai matokeo ya majaribio haya, ikianza na simu za bei ya chini kabisa.